Waingereza wa Ukoo wa Udongo

Kijana aliyetaka kumwoa binti yangu alikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Alikuwa na kazi, maana hupima macho na kuuza miwani katika duka moja zuri la katikati ya Brussels. Alikuwa na nyumba, ndogo lakini yake, huko Berchem-Sainte-Agathe, aliyoachiwa na mama yake. Adabu alikuwa nayo kupita kiasi. Nimemsikia kwa masikio yangu akikiomba radhi kiti alichokigonga kwa goti. Lakini wazazi wake, Waingereza wawili waliokuja Ubelgiji kutafuta kazi wakiwa vijana, walikuwa wamekwisha kufariki: baba tangu yeye akiwa mdogo, mama miaka michache iliyopita. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa pekee, naye pia akazaliwa peke yake. Hakuwa na shangazi wala mjomba, wala hata binamu wa kugombana naye wakati wa Krismasi.

“Sasa miye nitasema na nani?” aliuliza kaka yangu nilipompelekea habari za posa. “Na miwani?”

Kaka yangu ni mhandisi mstaafu wa migodi ya shaba. Anaishi Saint-Gilles, katika mojawapo ya zile nyumba ndefu za kale zilizokatwa vipande vipande zikawa nyumba za watu wengi, na katika familia yetu neno lake ndilo la mwisho. Sisi ni watu wa kusini mwa Katanga, upande unaopakana na Zambia, na kwetu mtoto ni wa mama yake na wa ndugu za mama yake. Baba hupendwa, huheshimiwa, hushonewa shati zuri siku ya sherehe. Lakini binti haolewi kabla mjomba hajakaa kitako na watu wa upande wa pili akawauliza wao ni akina nani. Baba wa binti yangu, ambaye ni Mluba, tuliachana naye kwa amani na sasa anaishi Kanada. Yeye alitoa baraka zake kwa simu, kwa muda usiotosha hata kuchemsha maji ya chai.

Nilidhani binti yangu angecheka. Alizaliwa hapa hapa Brussels, na katika mambo mengine yote hamsikilizi mtu. Lakini kaka yangu ndiye aliyemchukua shuleni miaka yote niliyokuwa nikimaliza masomo na kufanya kazi za jioni, ndiye aliyemfundisha baiskeli, ndiye aliyemfundisha pia kubishana.

“Maman, bila tonton siendi commune,” aliniambia, na tonton kwake ni huyo mjomba. “Nitakuwa nimeolewa na mhuri tu.”

Siku ya ndoa huko commune, yaani ofisi ya manispaa, ilikuwa imekwisha kuandikwa, ukumbi umekodiwa, na mimi nilikuwa nimekwisha kununua kitenge cha familia nzima katika mtaa wa Chaussée de Wavre, rangi ya buluu yenye ndege wa manjano, kwa matumaini makubwa kuliko busara yangu. Kilichokosekana ni kaka yangu kusema ndiyo. Naye alikuwa amesema jambo moja tu: nileteeni watu wake, niwajue, ndipo tutakaa.

Kijana alipoelezwa hakukasirika. Aliuliza, kwa sauti yake ya kupima macho, kama ingefaa kuwatafuta.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nilisoma historia katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na ingawa maisha yamenipeleka kwenye ofisi ya bima, ambako nimezeeka nikithibitisha mabomba yaliyopasuka, sikuwahi kuponywa tamaa ya karatasi kuukuu. Na Waingereza, nilijua, ni taifa lenye karatasi. Kila miaka kumi makarani wao walipita nyumba kwa nyumba wakaandika kila mtu aliyelala humo usiku wa kuhesabiwa: jina, uhusiano wake na mkuu wa nyumba, umri, kazi, mahali alipozaliwa. Miaka mia ikipita karatasi hizo hufunguliwa, na leo mtu aliyeko Brussels anaweza kulipa ada kidogo akazisoma kwenye kompyuta, viatu amevua. Wosia zao nazo zimehifadhiwa. Nilisikia wivu wa kitaaluma. Babu yangu, kila alipopata habari kwamba karani wa Wabelgiji anakuja kuhesabu watu kwa ajili ya kodi, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli porini. Na ukoo wetu wote, kwa upande wa karatasi, umejaa watu wenye shughuli porini.

Tukaanza. Kila Jumamosi mchana tulikaa kwenye meza yangu ya chakula: mimi na kalamu zangu za rangi, kijana na kompyuta yake, binti yangu akipita nyuma yetu na tufaha mdomoni akisema kwamba sijawahi kumsaidia kazi za shule kwa bidii ile. Kijana alikuwa hodari wa kusoma miandiko. Aliisogelea skrini, akakunja jicho moja, kisha akatoa hukumu.

“Huyu karani alihitaji miwani,” alisema mara moja. “Mistari yake inapanda upande wa kulia.”

“Labda alihitaji chakula,” nikasema.

“Hapana, maman. Miwani.”

Tulianza na jina la ukoo la kijana, kama mtu yeyote mwenye akili angeanza, tukalifuata kurudi nyuma: baba, baba wa baba, baba wa huyo. Halikutuangusha. Lilikuwa jina lenye adabu, limekaa katika mji mmoja mdogo wa pwani vizazi kwa vizazi, kwanza likitoa mabaharia, kisha likiuza jibini. Tulimpata mwanamke mmoja ambaye kati ya sensa na sensa, miaka kumi ikiwa imepita kwa watu wote wa mtaa, yeye aliongezeka miaka saba tu; na katika sensa iliyofuata akapunguza tena, mpaka nikaanza kuhofu kwamba tukiendelea tutamkuta ni mdogo kuliko mwanawe. Tulimpata “mgeni” mmoja wa kiume aliyekuwa akilala katika nyumba ile ile usiku wa kuhesabiwa, sensa mbili mfululizo, katika nyumba yenye binti ambaye hajaolewa. Binti yangu aliweka tufaha chini akadai tumfuate huyo mgeni kwanza.

Furaha yangu kubwa zaidi ilikuwa wosia wa muuza jibini mmoja mwenye hasira nzuri. Alimwachia mwanawe mkubwa duka, mizani na saa ya fedha. Mwanawe wa pili alimwachia msamaha, pamoja na farasi ambaye, mwandishi aliongeza, kijana huyo alikuwa amekwisha kumchukua. Niliusoma kwa sauti mara kadhaa. Yule alikuwa baba ninayemfahamu. Angeweza kuwa jirani yetu wa Lubumbashi, ila farasi angekuwa pikipiki.

Mwishowe nilichora mti. Niliuchapisha kwa rangi kwenye karatasi kubwa, vizazi sita, mabaharia kwa buluu, wauza jibini kwa manjano, mzee mmoja wa kanisa kwa zambarau. Nikauviringisha, nikaufunga utepe, nikaenda nao Saint-Gilles pamoja na binti yangu. Kijana tulimwacha nyumbani. Mtu haendi mahakamani na kielelezo chake kikiwa kinatetemeka.

Nieleze kwamba mimi ninaandika hapa Kiswahili nilichofundishwa na vitabu. Kaka yangu anasema kile tulichonyonya, ambamo “bantu” ni watu, “njo” ni ndio, na “mbele ya” ni kabla ya.

Aliutandaza mti juu ya meza, akaweka kikombe cha kahawa kwenye pembe moja, kisanduku cha dawa zake kwenye pembe nyingine, akauinamia kama alivyokuwa akiinamia ramani za migodi. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilianza kujipongeza.

“Bon,” alisema. “Kazi ya kweli. Hawa bantu balikuwa banauzisha fromage?”

“Vizazi vitatu, yaya,” nilijibu, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa.

“Na huyu wa farasi?”

Nikamweleza. Alicheka vizuri, akapangusa macho, akasema mutoto wa pili ni mutoto wa pili popote. Kisha akaunyoosha mgongo.

“C’est très bien. Na mama yake?”

“Mama yake nani?”

“Mama ya ule mutoto. Na mama ya mama yake. Na mama ya ule mama. Beko wapi?”

Nikautazama mti wangu. Wanawake walikuwapo, kwa herufi nyembamba, kila mmoja amebandikwa ubavuni pa mume wake kama stempu kwenye bahasha, bila baba, bila mama, bila ndugu, kana kwamba alinunuliwa pamoja na fanicha. Mama wa kijana mwenyewe alikuwa pembeni kabisa, chini ya kisanduku cha dawa. Sikuwa hata nimempa rangi.

“Dada,” alisema kaka yangu, taratibu, kama daktari, “umeniletea bantu ba baba. Baba! Baba ni mugeni mu kila nyumba. Anakuya, anakula, anaenda. Miye nakuuliza ule mutoto alitoka mu tumbo ya bantu gani, weye unanielezea fromage.”

“Lakini yaya, jina lake ni la hao.”

“Jina! Na mutoto yako huyu, hanabeba jina ya Baluba? Alors, ni Baluba njo banakuya kukaa hapa? Ni nani iko anakaa hapa?”

“Ni weye, tonton,” alisema binti yangu, ambaye alikuwa akifurahia kupita mipaka.

“Voilà. Na kama ule kijana ni wa clan yetu? Tutaozesha ndugu na ndugu?”

“Yaya, ni Mwingereza!”

“Bote banasemaka vile mbele ya kuchunguza.”

Tulirudi na mti wetu kwenye tramu, na binti yangu alicheka kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nikijiuliza imewezekanaje. Nilizaliwa kwa watu wanaohesabu kwa mama. Wimbo wa kwanza niliofundishwa ulikuwa wa kutaja bibi zangu kwa mpangilio. Kisha nikaolewa na Mluba, na Waluba huhesabu kwa baba, nikaja Ubelgiji nikajaza fomu zao kwa miaka mingi, jina la ukoo mstari wa juu, na mahali fulani kati ya mabomba yaliyopasuka nikawa mtu anayeulizwa habari za damu akajibu kwa jina la duka. Haikunihuzunisha sana. Ilinishangaza, kama kujikuta sokoni na viatu vya mtu mwingine miguuni.

Jioni hiyo hiyo tulimweleza kijana. Nilitarajia achoke, tulikuwa tumempotezea Jumamosi zake zote. Alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

“Tangu mazishi,” alisema, “hakuna aliyeniuliza mama alikuwa mtu wa wapi. Watu wananipa pole. Hawaulizi.”

Ndipo nikajua kwamba siku ya kumzika mama yake walikuwapo yeye, majirani wawili, na wale watu wa kampuni ya mazishi, ambao waliinamisha vichwa kwa ustadi. Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa hajafahamiana naye, alimshika mkono. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwa jikoni.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Berchem-Sainte-Agathe. Katika droo ya chini ya kabati la mama yake, ndani ya folda moja pamoja na dhamana ya birika la umeme na chanjo za paka aliyekwisha kufa, tulipata cheti cha kuzaliwa cha mama huyo. Waingereza, hilo nawasifu, huandika katika cheti jina alilokuwa nalo mama kabla ya kuolewa. Tukawa tumeshika uzi: mama, na mama wa mama. Kutoka hapo ilikuwa kazi ya kuagiza cheti kimoja ili kikuonyeshe cha kuagiza baada yake.

Kumfuata mwanamke katika karatasi za Kiingereza si mchezo. Mwanamume unamkuta ulipomwacha. Mwanamke yuko nyumbani kwa baba yake sensa hii, amekamilika, ana umri na mahali pa kuzaliwa. Sensa ijayo hayupo, na katika nyumba nyingine, mtaa mwingine, yuko mke mwenye jina lake la kwanza na umri unaokaribia wake, na wewe huna njia ya kujua kama ndiye. Unahitaji cheti cha ndoa. Kama cheti hakisemi kitu, unahitaji wosia wa mtu aliyekuwa akimkumbuka: baba anayetaja binti yake kwa jina la mumewe, au shangazi asiyeolewa anayegawa vijiko. Nilianza kuwapenda shangazi wasioolewa. Wao ndio waliokuwa wakijua nani ni nani.

Vyeti vilikuja kwa posta, kwa mwendo wa posta, na siku ya commune haikuwa ikisubiri. Binti yangu alinipigia simu kila jioni.

“Maman, umefika wapi?”

“Kwa bibi wa bibi yake.”

“Mwambie aharakishe.”

Tulipompata huyo bibi wa bibi alikuwa mtoto wa miaka minane, katika nyumba iliyojaa watu katikati ya Uingereza, na mkuu wa nyumba alikuwa mama yake, mjane. Kijana aliisogelea skrini. Akakunja jicho. Akarudi nyuma, akasogea tena.

“Mfyatua matofali,” alisema. “Si mume wake. Yeye mwenyewe.”

Tukarudi sensa moja nyuma, kisha nyingine, tukamkuta mjane huyo akiwa msichana katika nyumba ya mama yake, na mbele ya jina la mama yake karani alikuwa ameandika kazi ile ile. Nikasoma habari za sehemu zile. Huko wanawake ndio waliokuwa wakifinyanga matofali, na wasichana waliwabebea udongo mbichi kutoka shimoni, bonge moja wamelikumbatia tumboni na jingine wamelitwika kichwani.

“Kichwani?” aliuliza kijana, akanitazama mimi, kisha binti yangu, kana kwamba tulikuwa tumemficha jambo.

Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba msichana yule ndiye mjane yule. Wosia mmoja ulituokoa. Kaka wa mjane alikuwa na tanuri dogo la matofali, hakuoa, na alipokaribia kufa aliwaachia kila alichokuwa nacho watoto wa dada yake, akiwataja mmoja mmoja, pamoja na yule wa miaka minane.

Nilipiga kelele kiasi kwamba jirani wa juu aligonga sakafu. Mjomba! Mjomba anayewarithisha watoto wa dada! Najua, na nakiri hapa kwa utulivu wa mtu aliyesoma, kwamba Mwingereza yule alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na watoto, na kwamba angekuwa nao wapwa wangeambulia vijiko. Lakini sikuona sababu ya kumtwisha kaka yangu maelezo hayo.

Safari hii kijana tulikwenda naye. Alivaa suti. Sikuchora mti, nilibeba karatasi chache tu, nikamsomea kaka yangu kwa sauti, mama kwa mama, tukishuka shimoni. Alisikiliza macho yamefungwa. Nilipofika kwenye wosia aliyafungua.

“Rudia.”

Nikarudia.

“Matofali inatokaka mu nini?”

“Mu udongo, yaya.”

“Na banamuke njo balikuwa banaitengeneza. Mama, na mama yake. Udongo.” Alimtazama kijana kwa namna mpya, ya uroho kidogo, na hapo nikaelewa anakokwenda.

Sisi ni ukoo wa Mvua. Na kila ukoo kwetu una watani wake, na watani wa Mvua ni ukoo wa Udongo. Mvua hujigamba kwamba inaweza kukiyeyusha chungu; Udongo hujibu kwamba bila chungu maji ya mvua yangechotwa kwa kofia. Wakikutana hutukanana mchana kutwa, huchukuliana vitu bila kuomba, na ni mwiko kukasirika. Mmoja akifa, watani wake ndio wanaomzika, kwa sababu wao wanaweza kushika sepetu na kufanya mzaha wakati wenyewe wamezidiwa na machozi. Na wanaoana vizuri kuliko watu wote.

“Yaya,” nilisema, maana elimu ina namna yake ya kujitokeza wakati usiofaa, “ile ni kazi. Haiko clan.”

“Na siye tulianzaka namna gani? Kuko siku mvula ilizaa muntu?”

Sikupata hata nafasi ya kumwandaa kijana. Kaka yangu alikuwa amekwisha kumgeukia.

“Weye! Udongo! Njo maana uko mwekundu vile, kama tofali yenye balitoa mu furu ya moto mbele ya kuivya. Angalia mikono! Bibi zako balibeba shimo muzima ku kichwa, weye unabeba miwani. Nikitema mate tu utayeyuka, na unakuya hapa kutafuta mutoto ya Mvula!”

Kijana, ambaye kwa kweli alikuwa amezidi kuwa mwekundu, alisimama. Alifunga kifungo cha koti.

“Pardon, tonton,” alisema.

Uso wa kaka yangu ulisawijika. Binti yangu alifumba macho. Mtani akiomba radhi, mchezo umekufa: anayeomba radhi ni mgeni, na mgeni hupewa kahawa, husindikizwa mlangoni, mambo yakaishia hapo. Kaka yangu hakutaka yaishie hapo. Niliona akitafuta tusi jingine, dogo zaidi, kama mtu anayeinamisha tawi ili mtoto alifikie.

“Anaomba pardon! Udongo inaomba pardon kwa mvula! Mama yangu, hata matope inakuwaka na kichwa ngumu kuliko hii.”

Kijana akafungua mdomo tena. Binti yangu akamkanyaga.

“Mtukane,” alimnong’oneza.

“Nini?”

“Mtukane tonton. Sasa hivi.”

“Siwezi. Ni mzee.”

“Mtukane ao uende kwenu.”

Alinitazama mimi, akiomba ruhusa au msaada. Nilitazama dari, ambalo kwa kweli lilihitaji rangi. Nje kulikuwa na hali ile ya kawaida ya Saint-Gilles, maji yanaelea hewani bila kuamua kama yanaanguka. Kijana aligeuka dirishani, akakunja jicho moja, kama afanyavyo anaposoma mwandiko mbaya. Kisha akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na binti yangu, pole pole, akikagua kila neno kabla ya kuliachia:

“Tonton, weye hauko mvula. Weye uko hii ya Brussels. Inaanza asubuhi, hailowanishe muntu, na haijue kunyamaza.”

Kaka yangu aliweka mkono kifuani.

“Dada, unasikia?”

“Nasikia, yaya.”

“Ananitukana mu nyumba yangu.”

“Ndani kabisa.”

“Mbele ya mutoto yangu!”

“Mbele yake, yaya.”

Kicheko chake kilianza chini sana, mahali ambapo watu wa migodi huweka vitu vyao, kikapanda polepole, kikamfikia usoni na kumwinamisha juu ya meza, mpaka binti yangu akakimbia kumpigapiga mgongo. Na kijana, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kwamba watani huchukuliana vitu, alinyoosha mkono kwenye msumari wa mlangoni, akachukua kofia ya kahawia ya kaka yangu, ambayo hata mimi sijawahi kuthubutu kuigusa, akaivaa. Ilimshuka mpaka masikioni.

“Mwizi!” alipiga kelele kaka yangu, akilia kwa furaha. “Bamukamate! Nitakuzika weye!”

“Nitakuzika mbele,” alisema kijana. Alikwisha kuona jinsi mambo yanavyokwenda.

Ilipotulia, kaka yangu alijifuta uso na leso, akavaa miwani, akawa tena mhandisi. Alisema tutakaa, na tutakaa rasmi, na anataka upande wa pili uje umekamilika.

“Na ule mama wa matofali,” alisema, “na mama yake, na ule mujomba wa wosia. Na mama yako weye. Bote bakuye.”

“Yaya,” nilisema, “wamekufa.”

“Bakuye vile vile,” alisema, akifungua shajara yake kutafuta Jumamosi. “Tutabatukana bote.”